Wanawake wa Fremu

Katika mashamba ya magharibi mwa Wales, karne ya 19, kulikuwa na mgeni ambaye hakuna aliyemharakisha kuondoka. Mara nyingi alikuwa mwanamke ambaye hakuolewa, au mjane, na alikuja na sindano zake, mkasi, kastabani na kipande cha chaki. Fremu yake ya mbao aliletewa kwa mkokoteni, kama nyumba yenyewe haikuwa na fremu. Alipewa kitanda na nafasi mezani, na viti vikasogezwa ili akae karibu na dirisha lenye mwanga mzuri. Alikaa hapo mpaka mifarishi yote iliyotakiwa na nyumba ile imalizike. Mmoja uliweza kumchukua wiki mbili, na nyumba yenye binti wa kuozwa haikuridhika na mmoja. Kazi ikiisha alipokea fedha zake, akaifungua fremu mbao kwa mbao, akaenda shamba la pili ambako walikuwa wakimngoja.

Mfarishi anaoushona mwanamke huyu una matabaka matatu: kitambaa cha juu, kitambaa cha chini, na sufu katikati. Uzi unaopenya matabaka yote matatu ndio unaoyashikamanisha. Usipokuwepo, sufu huhama, ikajikusanya pembezoni, na anayelala akabaki na shuka mbili tupu katikati ya Januari. Kwa hiyo ile mizunguko, mioyo na majani tunayoyatazama leo kwenye kuta za makumbusho yalikuwa na kazi ya kufanya kabla ya kuwa pambo: kuizuia sufu mahali pake.

Nimeanza na mgeni huyu kwa makusudi. Anayesoma habari za mifarishi ya Wales siku hizi atakutana sana na bibi: bibi kando ya moto, akiwashonea wajukuu kwa mapenzi. Mabibi wa namna hiyo walikuwepo, na kazi zao zipo. Lakini sehemu kubwa ya mifarishi inayotushangaza kwa ustadi wake ilishonwa na watu waliokuwa wakilipwa. Ilikuwa kazi, yenye wanagenzi, yenye bei, yenye wateja wagumu wa kuridhika na yenye fundi wa kijiji cha pili anayesubiri ukosee. Katika wilaya za Pembrokeshire, Carmarthenshire na Cardiganshire wapo waliozunguka mashambani mwaka mzima, na wapo waliofungua duka la ushonaji kijijini, wakishona magauni kipindi cha sherehe na mifarishi miezi mingine. Msichana aliyetaka kuwa fundi alikwenda kukaa kwa fundi. Alianza kwa kutunga uzi kwenye sindano na kushona mistari iliyonyooka, mpaka siku aliporuhusiwa kugusa sehemu ya kati.

Sufu haikuwa mbali. Wales ni nchi ya milima, mvua na kondoo, na mwenye shamba alitoa manyoya ya mifugo yake mwenyewe. Yalioshwa, yakachambuliwa takataka, kisha yakachanwa kwa brashi za meno ya waya mpaka yakawa mepesi na marefu. Asiyekuwa na kondoo alikuwa na njia nyingine. Huko Cardiganshire wanawake maskini walipanda milimani mwanzoni mwa kiangazi kwa makundi, wakitembea siku kadhaa, kuokota manyoya yaliyonasa kwenye miiba, kwenye ua wa mashamba na kwenye vichaka. Wenye malisho waliwaacha wapite, na baadhi yao waliwapa ghala la kulala usiku. Sufu ile iligeuka soksi za kuuza na nguo za nyumbani, na yenye nyuzi fupi zisizofaa kusokotwa ilitosha kabisa kujazia mfarishi. Aliyekosa hata hiyo alitia blanketi kuukuu. Mfarishi uliochakaa ukifumuliwa pindo, si ajabu kukuta mwingine ndani yake, mkubwa kwa umri, nao umepigwa viraka.

Kitambaa nacho kilitoka jirani. Bonde la mto Teifi, hasa vijiji vya Drefach na Felindre, lilijaa viwanda vya kufuma flaneli ya sufu, kitambaa kile kile kilichovaliwa na wachimba makaa ya mawe wa kusini. Flaneli hiyo ilitiwa rangi nzito: nyekundu, nyeusi, kahawia, buluu ya giza, zambarau inayowaka. Fundi aliikata vipande vikubwa, mraba ndani ya mraba au mistari mipana kutoka upande hadi upande, akaunganisha nyekundu na nyeusi bila woga. Vipande vidogo vilitoka kwa fundi cherehani wa suti, kwenye vitabu vya sampuli na mabaki ya kukata suruali. Kwa mtu aliyezoea kudhani kwamba nguo za watu wa kale wa Ulaya zilikuwa za kijivu na za huzuni, mfarishi wa flaneli wa Wales ni mshtuko. Unaweza kuuona kutoka ng'ambo ya uwanja.

Sasa fremu, maana hapo ndipo akili ya kazi hii ilipo. Fremu ni mihimili miwili mirefu kuliko upana wa kitanda, na mbao mbili fupi zenye safu ya matundu. Kwenye kila mhimili kumepigiliwa utepe mgumu. Kitambaa cha chini hushonewa kwenye utepe wa kila upande, sufu ikatandazwa juu yake kwa mkono, kipande kwa kipande, isiachwe tundu wala uvimbe, kisha kitambaa cha juu kikalazwa. Mbao fupi hupenyezwa kwenye ncha za mihimili na vigingi kutiwa matunduni, na kazi yote inakazwa. Ila haikazwi mno: sindano inahitaji kitambaa kinachokubali kuinama kidogo. Kinachobaki wazi mbele ya fundi ni ukanda tu, wa upana ambao mkono unaufikia. Sehemu nyingine imeviringishwa kwenye mihimili, haionekani.

Hebu tafakari maana yake. Mfarishi wa Wales huwa na duara kubwa katikati, na duara hilo limezungukwa na mipaka ya mstatili, mmoja ndani ya mwingine, na kila kona ina pambo lake, mara nyingi feni iliyofunguka. Ni mchoro unaodai vipimo. Lakini fundi hawezi kuuona. Anaanza upande mmoja, anashona mpaka wa nje, anaviringisha, anashona mpaka wa ndani, anaviringisha tena, na siku ya nne au ya tano inatokea nusu ya kwanza ya duara. Lazima aishone akijua nusu ya pili itaangukia wapi, siku kadhaa mbele, kwenye kitambaa ambacho bado kimekunjwa. Kona za mwisho lazima zilingane na kona za mwanzo alizozificha ndani ya mhimili wiki iliyopita.

Kaskazini mwa Uingereza, Durham na Northumberland, tatizo hili walilitatua kwa kugawana kazi. Mwishoni mwa karne ya 19 mwenye duka wa Allenheads aitwaye George Gardiner alijulikana kwa kuchora vitambaa vizima kwa penseli ya buluu kabla havijaingia kwenye fremu, na mwanafunzi wake Elizabeth Sanderson alifanya kazi hiyo hiyo maisha yake yote. Mteja alinunua kitambaa kilichokwisha kuchorwa, akaenda kukishona mwenyewe. Fundi wa Wales kwa kawaida hakuwa na mchoro wa kununua. Alichora juu ya fremu, ukanda kwa ukanda, kwa chaki au kwa ncha ya sindano iliyoacha alama ya mkwaruzo. Alipima kwa kamba na kwa shubiri. Sahani ilimpa duara kubwa, kikombe duara dogo, na jani au moyo ulikatwa kwenye karatasi ngumu. Mengine yote aliyachora kwa mkono mtupu. Mifarishi ya kaskazini ni mizuri mno, na mistari yake hutiririka kwa ulaini ambao Wales haina. Hata hivyo mimi husimama muda mrefu zaidi mbele ya ile ya Wales, kwa sababu ndani yake naona mtu anayeamua. Mahali fulani duara limebanwa kidogo ili mpaka utoshe. Mahali pengine nafasi imebaki, na fundi ameijaza ua dogo ambalo halikuwa kwenye mpango.

Mshono wenyewe ni rahisi kuueleza. Mkono mmoja uko juu, unasukuma sindano kwa kastabani; mwingine uko chini ya kitambaa, kidole kikingoja ncha ya sindano itokeze, kikairudisha juu mara tu kinapoisikia. Kidole cha chini kilichomwa kila mshono, na baada ya miezi ngozi yake iliota sugu. Damu ikidondoka kwenye kitambaa cheupe ilibidi itolewe hapo hapo. Kwa kuwa sufu ya Wales ilikuwa nene, mishono haikuweza kuwa midogo kama ya wale waliojazia pamba nyembamba, na fundi alifidia kwa kushona mistari miwili sambamba kuzunguka kila umbo. Mistari hiyo miwili ndiyo inayolifanya jani lionekane limevimba kutoka kwenye kitambaa, kana kwamba limechongwa. Hata pindo lilikuwa na utaratibu wake: kingo za juu na za chini zilikunjwa ndani na kushonwa pamoja kwa safu mbili za bandi.

Maumbo yalirudiwa na kila fundi, na kila fundi aliyashona kwa namna yake. Mzunguko wa konokono uko karibu kila mahali. Moyo mara nyingi ulikwenda kwenye mfarishi wa harusi. Kuna feni, tulipu, majani yenye mishipa, vyumba vya almasi, na kuna umbo moja ambalo msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa: lile tone lililopinda shingo ambalo wavaa kanga huliita korosho. Wales huliita peasi. Shali za Kashmir zenye umbo hilo, na zile zilizoigwa katika mji wa Paisley huko Scotland, zilikuwa fasheni kubwa Uingereza katika karne ya 19, na si vigumu kufikiri kwamba fundi wa shambani aliliona begani mwa mke wa mchungaji siku ya Jumapili na Jumatatu akalichora kwa chaki. India ililituma umbo hilo pande nyingi za dunia, na sisi tuko upande mmojawapo.

Wanaume nao walishika sindano, hasa mafundi cherehani. Aliye maarufu kuliko wote ni James Williams wa Wrexham, kaskazini mashariki mwa Wales, fundi wa suti, ambaye kati ya 1842 na 1852 aliunganisha vipande 4,525 vya kitambaa cha sufu katika saa zake za mapumziko. Kwenye kazi hiyo Adamu anawapa wanyama majina, Yona yuko na nyangumi, safina ya Nuhu iko juu ya maji, na kuna tembo, twiga na pagoda ya Kichina. Kuna daraja la Menai, lililofunguliwa 1826, na kuna daraja la reli la Cefn likiwa na treni juu yake. Daraja hilo la Cefn lilikamilika 1848, katikati ya miaka yake 10 ya kushona; Williams alikuwa akitia habari za mkoa wake kitandani zikiwa bado za moto. Kazi hiyo sasa iko St Fagans, makumbusho ya taifa ya historia ya Wales pembezoni mwa mji wa Cardiff. Haina sufu katikati, na kwa hiyo wenye msimamo mkali husema si mfarishi kamili. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba Williams, ambaye alishona kwa starehe yake baada ya saa za kazi, anajulikana kwa jina, mwaka na idadi ya vipande, na wanawake walioishi kwa sindano wamekuwa kundi moja lisilo na sura.

Tuhamie kusini, kwenye mabonde ya makaa ya mawe, ambako hadithi inabadilika. Rhondda, Aberdare, Merthyr na bonde la Aber vilijaa watu waliohama kutoka mashambani kufuata mshahara wa mgodini, na wake zao walikwenda na fremu. Nyumba zilikuwa ndogo, zimepangwa safu kwa safu kwenye mteremko, na fremu iliyounganishwa ilijaza chumba kizima. Ili kula, watu walipita wakijibana ukutani. Mgodi ulikuwa unaua na kulemaza. Tarehe 14 Oktoba 1913, mlipuko wa Senghenydd uliua wachimbaji 439 kwa asubuhi moja, na hakuna ajali ya mgodi katika historia ya Uingereza iliyoua wengi kuliko hao. Ajali za kuua mmoja au wawili zilitokea bila kufika kwenye magazeti ya London. Mwanamke aliyebaki na watoto, au na mume asiyeweza tena kushuka shimoni, alikuwa na njia chache za kupata fedha bila kutoka nyumbani. Fremu ilikuwa mojawapo.

Hapo ndipo zilipoanza klabu za mifarishi. Anayejua upatu ataelewa haraka. Wateja walikusanyika, majirani wa mtaa mmoja au waumini wa kanisa moja, kila mmoja akalipa kiasi kidogo kila wiki, na fundi akawashonea mmoja baada ya mwingine mpaka wote wapate. Vitambaa alivichukua dukani kwa mkopo, akaulipa kutokana na michango ile ile. Mpango huu uliwawezesha watu wa kipato cha chini kupata kitu kizuri, nao ulimpa fundi uhakika wa kazi kwa mwaka au zaidi. Ila faida iliyobaki baada ya kitambaa, uzi na sufu ilikuwa ndogo mno, na ahadi zilimbana. Wateja walikuwa wanalipa, hakuweza kuugua. Wapo walioshona tangu alfajiri mpaka usiku, watoto wakitunga sindano kabla ya kwenda shule ili mama asipoteze mwanga wa mchana. Sioni sababu ya kuipamba hali hiyo. Mifarishi ya klabu ilishonwa haraka, mistari yake imeachana zaidi, na mwenye jicho huitambua. Uharaka ule ni sehemu ya ukweli wake, na hauondoi chochote katika heshima ya aliyeishona.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia makaa ya mawe yaliporomoka. Mwaka 1926 wachimbaji walifungiwa nje ya migodi kwa miezi mingi wakikataa kupunguziwa mshahara, wakashindwa, na miaka iliyofuata ilikuwa mibaya zaidi. Katika miaka ya 1930 zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Merthyr hawakuwa na kazi. Mteja wa klabu ya mifarishi alikuwa mke wa mchimbaji mwenye mshahara, na mshahara ulipokauka, klabu nazo zilikauka.

Msaada ulikuja kutoka upande usiotarajiwa. Rural Industries Bureau, ofisi iliyoanzishwa 1921 kusaidia viwanda vidogo vya vijijini, ilimtuma Mavis FitzRandolph kusini mwa Wales mwaka 1928 kutafuta kama kulikuwa na ufundi ambao ungeweza kuwaingizia watu fedha. Aliona mifarishi. Aliona pia kwamba mafundi walikuwa wamezoea kutumia vitambaa vya bei ya chini kwa sababu wateja wao hawakuweza zaidi, na kwamba vidole vile vikipewa hariri na satini nzuri ya pamba vingeweza kushindana na chochote kilichouzwa London. Ofisi ilitoa vitambaa, ikatafuta mafundi wazoefu wa kufundisha wasichana, ikaweka viwango na kuzikataa kazi zisizovifikia. Vikundi vya Porth, katika bonde la Rhondda, na Abertridwr, kijiji jirani cha Senghenydd, vilipata sifa kuliko vingine. Porth mwalimu alikuwa Jessie Edwards, na kazi zilizotoka kwenye darasa lake bado zinatolewa mfano.

Mifarishi iliuzwa hasa kwenye duka moja dogo la Chelsea, Little Gallery, lililofunguliwa mwaka huo huo wa 1928 na Muriel Rose na Peggy Turnbull. Rose alikuwa na jicho kali na wateja wenye fedha, na aliiweka mifarishi ya wake za wachimbaji sambamba na vyungu vya wafinyanzi wakubwa wa siku zile. Mwaka 1932 hoteli ya Claridge's, mojawapo ya hoteli za fahari kuliko zote London, iliagiza mifarishi kwa ajili ya jengo lake jipya. Wanawake ambao makochi ya sebule zao yaliuzwa ili kununua mkate walishona mifarishi ya vitanda vya watu ambao hawakuwahi kutazama bei. Walifanya kazi hiyo kwa usahihi wa ajabu: kitambaa cha rangi moja tu, krimu, waridi au kijani hafifu, bila kiraka kimoja, na uzuri wote umebebwa na mshono. Ukikitazama kitambaa hicho kwa mbali huoni kitu. Mwanga ukipita ubavuni, mchoro mzima unainuka.

Watu wengine wanaulaumu mpango huu kwa kuifuta ile flaneli nyekundu na nyeusi na kuweka rangi za vyumba vya matajiri. Kuna ukweli ndani yake. Ladha ya Chelsea iliingia kwenye fremu za Rhondda, na wasichana waliojifunza chini ya ofisi ile walijifunza kazi ya rangi moja. Lakini mimi namtetea FitzRandolph. Aliyekuja na blanketi za msaada alimwacha mwanamke akisubiri blanketi nyingine. Yeye alikuja na agizo la kazi, akalipia kazi ile kama kazi ya fundi, na alipokataa mfarishi alieleza kwa nini. Tena alisikiliza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alizunguka kuwahoji mafundi wazee, akaandika walivyojifunza, walivyolala kwenye mashamba ya watu, walivyopima na walivyolipwa, na mwaka 1954 akatoa kitabu chake Traditional Quilting. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu fundi wa kuzunguka yalitoka vinywani mwa wazee wale, na bila yeye yangezikwa nao.

Vita vya Pili vilikatisha kila kitu. Little Gallery ilifungwa, hariri na pamba zikaelekezwa jeshini, na kuanzia 1941 nguo na vitambaa vilitolewa kwa kuponi. Vita vilipokwisha wasichana wa mabondeni walipata ajira viwandani, kwa saa zinazojulikana na mshahara wa kila wiki, na ni nani angewalaumu kwa kuchagua hivyo? Vitanda vilipata blanketi za kiwandani, kisha hita za nyumba nzima, na mwaka 1964 duka la Habitat la Terence Conran likaanza kuwauzia Waingereza duveti za mtindo wa Skandinavia. Mfarishi ukawa kitu cha bibi, kizito, kigumu kufua. Mingi ilichomwa. Mingine ilifunika trekta wakati wa baridi, au viazi ghalani, au ilitandikwa chini ya mbwa.

Wakati huo huo, mtoto wa mabonde yale alikuwa anaitazama kwa jicho lingine. Laura Ashley alizaliwa Dowlais, Merthyr, mwaka 1925. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliona maonyesho ya kazi za mikono kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, akatamani kushona viraka mwenyewe, na hakupata dukani vitambaa vyenye maua madogo ya kale aliyoyataka. Mwaka 1953 yeye na mumewe Bernard walianza kuvichapa wenyewe juu ya meza ya jikoni, London. Baadaye biashara ilihamia kijiji cha Carno, katikati ya Wales, na kutoka hapo ikaenea duniani.

Wamarekani ndio walioigeuza bei. Mwaka 1971 makumbusho ya Whitney, New York, yalitundika mifarishi ukutani kama michoro ya kisasa, na wanunuzi walipomaliza kupekua mashamba ya kwao walivuka bahari. Huko Wales walikuta vitu vilivyofanana kwa kushangaza na mifarishi ya Waamishi wa Pennsylvania, jamii ya Kikristo inayoishi kwa mila za kale: sufu ya rangi nzito, vipande vikubwa, mraba ndani ya mraba, duara la mshono katikati. Kontena kwa kontena mifarishi ikaondoka. Mmarekani mmoja, Jen Jones, aliyehamia magharibi mwa Wales mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, alikwenda kinyume na mkondo: aliikusanya na kubaki na mingi, na mwaka 2009 akafungua kituo cha mifarishi katika jumba la zamani la mji wa Lampeter ili watu wa Wales waione iliyokuwa yao.

Ufanano ule na Waamishi umeleta mjadala ambao haujaisha. Waamishi walitoka Ujerumani na Uswisi bila desturi ya kushona mifarishi. Waliianza Marekani, katika karne ya 19. Watu wa Wales walikuwa Pennsylvania tangu 1682, Wakristo wa dhehebu la Wakweka walionunua ardhi magharibi ya Philadelphia, na katika karne ya 19 walifuatwa na mafundi wa chuma na wachimba makaa. Mwanahistoria Dorothy Osler ameandika kitabu kizima, kilichotoka 2011, akichambua uwezekano kwamba majirani hao wa Wales ndio waliowaonyesha Waamishi njia. Hakuna barua inayosema mwanamke fulani alimfundisha mwanamke fulani, na mtu anaweza kujibu kwamba sufu nzito na fremu ile ile huzaa maumbo yale yale popote. Mimi naegemea upande wa Osler. Ukilinganisha si rangi tu bali mpangilio wa mipaka na namna duara linavyokaa, kufanana ni kwingi mno kuwa bahati. Hata hivyo bei za mnada zimeamua vingine: mfarishi wa Mwamishi huuzwa kama sanaa ya Marekani, na wa Wales kwa muda mrefu uliuzwa kwa bei ndogo zaidi, ukisindikizwa na maneno kwamba unafanana na wa Waamishi.

Kwenye makumbusho leo, lebo nyingi husema mshonaji hajulikani. Nadhani wengi wao wangeweza kujulikana. Familia zilizotoa mifarishi hiyo mara nyingi zilikumbuka ni nani aliyekuja kuishona, zikataja jina, na jina likabaki kwenye faili la makumbusho bila kufika ukutani. Mkono nao ni saini. Fundi aliyekata jani lake kwenye karatasi ngumu alilitumia miaka 30, na jani lile lile lenye mkato ule ule kwenye ncha linaweza kufuatwa kutoka mfarishi hadi mfarishi, shamba hadi shamba, mpaka lifike kwenye nyumba ambayo bado inamkumbuka. Ni kazi ya kupiga picha, kupima na kuuliza, na inafaa ifanywe sasa, kabla wajukuu wa wateja hawajaisha. Jessie Edwards tunamjua kwa sababu kazi yake ilipita kwenye ofisi iliyoandika mambo. Waliomtangulia walilipwa mkononi, jikoni kwa mwenye shamba, na hakuna aliyeandika.